Mbona lava hii ni ya baridi? Uchambuzi wa somo moja la volkano, darasa la saba, Kigoma

Shule ni ya msingi, ya serikali, mjini Kigoma, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo wa mchana hupeperusha kurasa za madaftari. Darasa la saba lina wanafunzi 64. Mada ni volkano, vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Mwalimu hakuja mikono mitupu: alijenga mlima wa udongo wa kichuguu juu ya kipande cha mbao, akazika katikati chupa ya plastiki ya nusu lita, akatia vijiko vinne vya chakula vya baikaboneti (magadi soda), sabuni ya maji kidogo na rangi nyekundu ya chakula. Alipomimina siki, ambayo ni asidi, povu jekundu likafurika na kushuka mteremkoni. Darasa zima likasimama, makofi yakapigwa.

Msichana wa dawati la mbele akachovya kidole kwenye povu.

"Mwalimu, mbona lava hii ni ya baridi?"

"Huo ni mfano tu," mwalimu akajibu, akageukia ubao kuchora mlima uliokatwa katikati.

Wiki iliyofuata likaja jaribio la maswali matano. Swali la tatu liliuliza ni nini kinachofanya volkano ilipuke. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika jambo moja kwa maneno tofauti: chini ya ardhi kuna asidi, ikikutana na magadi mlima unalipuka. Wengine waliandika kwamba moto ulioko katikati ya dunia unapanda kupitia bomba. Wachache wakaandika kwamba milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, ni volkano kwa sababu wakati wa kiangazi inafuka moshi.

Makosa haya matatu yana vyanzo vinavyoonekana, na hakuna hata kimoja ambacho ni uvivu wa watoto. Waliandika walichokiona.

Kidole kilisema kweli

Siki na baikaboneti vikikutana hunyonya joto, havitoi joto. Ukitumbukiza kipimajoto kwenye mchanganyiko utaona kinashuka nyuzi kadhaa. Lava ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na nyuzi 1,000 hadi 1,200 za Selisiasi. Hata lava ya Oldoinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, inayojulikana kuwa ya baridi kuliko lava nyingine zote zinazotoka duniani siku hizi, ina nyuzi 500 hadi 600.

Lakini joto ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa ni chanzo. Ndani ya volkano hakuna vitu viwili vinavyokutana ndipo mlipuko utokee. Gesi, yaani mvuke wa maji, kabonidayoksaidi, salfa dayoksaidi na nyingine, tayari zimeyeyuka ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, zimebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Magma ikipanda, mgandamizo unapungua, gesi inajitenga na kuwa mapovu, mapovu yanatanuka na kuisukuma magma juu zaidi. Kwa hiyo anayeuliza "nini kimekutana na nini?" amekwisha kupotea njia. Swali la kuuliza ni "nini kimepungua?"

Mwalimu alisema kweli aliposema ule ni mfano. Tatizo ni neno "tu". Mtoto wa miaka 13 hawezi kujua ni sehemu ipi ya mfano aichukue na ipi aiache, mpaka aambiwe au atafute mwenyewe. Povu lilitoka juu ya mlima: hilo linafanana. Lilitokana na asidi na baikaboneti: hilo halifanani kabisa. Kwa kuwa hakuna aliyesema lolote, yote mawili yaliingia daftarini kwa uzito mmoja. Dawa yake ni ndogo sana: baada ya kila jaribio la vitendo, wanafunzi wachore safu mbili, KINAFANANA na HAKIFANANI, na hakuna kuendelea mpaka kila safu iwe na angalau mambo mawili. Swali la yule msichana lingekuwa la kwanza kwenye safu ya pili.

Na vipimo pia vilikosewa. Vijiko vinne vya chakula ni kama gramu 55. Mililita 100 za siki ya asilimia 5 zinahitaji gramu 7 tu, yaani nusu kijiko cha chakula, na hapo hupatikana karibu lita 2 za gesi. Kilichobaki kilituama chini ya chupa kikiwa cheupe vilevile. Jambo jingine la dukani: ukiomba baikaboneti unaweza kupewa bekingi pauda. Hiyo imechanganywa na wanga na asidi ya unga, inatoa povu hata kwa maji matupu, na povu lenyewe ni dogo. Soma pakiti kabla ya kulipa.

Somo lilivyopangwa upya

Vitu vinavyofuata vinapatikana Kigoma bila kuagiza chochote mbali. Darasa la 64 ligawe makundi manane ya watu wanane.

Anza na chupa ya soda, na isitikiswe. Walimu wengi hupenda kuitikisa kwa sababu ya kishindo, lakini kishindo kinaficha kile unachotaka kionekane. Chukua soda nyeupe, isiyo na rangi, kwenye chupa ya plastiki, moja kwa kila kundi. Waambie waishike juu, waielekeze kwenye mwanga wa dirisha, wahesabu mapovu. Hawataona kitu, au wataona moja mawili yamenata pembeni. Kisha mmoja alegeze kifuniko kidogo, mpaka asikie "tss" ya kwanza, asimame hapo. Sasa watazame. Mapovu yanazaliwa ndani ya chupa, mengi kwenye kuta zake, mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na kitu, madogo kama punje za mtama, yanapanda na kukua kadiri yanavyopanda. Afunge tena kwa nguvu. Baada ya muda mapovu yanapungua, kisha yanakoma. Hakuna aliyeongeza kitu wala kupunguza kitu isipokuwa mgandamizo. Rudieni mara tatu au nne, kila mtoto apate zamu ya kulegeza na kufunga, kwa sababu mkono unaofunga chupa ndio unaoelewa. Zoezi hili lisipofanikiwa, mara nyingi ni kwa sababu chupa imefunguliwa mno mara ya kwanza na gesi imekwisha, au soda ni ya moto sana na inafurika mara moja. Chupa ziwe zimekaa kivulini, kwenye ndoo ya maji.

HAKIFANANI ya soda isisahauliwe: soda ni ya baridi, ni maji, na gesi yake ilitiwa na kiwanda.

Sasa swali linajileta lenyewe: kwa nini volkano moja inatiririka na nyingine inarusha mawe na majivu angani? Hapa jikoni kunatosha. Nje ya darasa, washa majiko mawili ya mkaa. Sufuria ya kwanza iwe na lita moja ya maji na vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo. Ya pili lita moja na vijiko vinane hadi kumi. Koroga mpaka vyote vichemke, kisha acha kukoroga. Wanafunzi wasimame mita mbili nyuma, na anayekoroga awe mwalimu. Uji mwepesi utachemka kwa mapovu mengi madogo yanayopasuka kimya. Uji mzito unatulia kwanza, uso wake unavimba taratibu kama shavu, halafu povu moja kubwa linapasuka "pwaa" na kurusha matone ya moto nje ya sufuria. Mtoto yeyote wa Kigoma aliyewahi kupika uji mzito ana kovu dogo la kumbukumbu hiyo mkononi, na hapo ndipo somo linaposhika. Gesi ni ileile, moto ni uleule. Kilichotofautiana ni namna kimiminika kinavyoiachia gesi ipite. Katika magma, silika, ile iliyo kiungo kikuu cha mchanga na kioo, inafanya kazi ya unga. Silika ikiwa nyingi magma inakuwa nzito, inashikilia gesi mpaka inashindwa. Silika ikiwa kidogo, gesi inatoroka mapema na lava inatiririka.

Unga peke yake hautoshi, maana joto nalo linabadilisha uzito wa kimiminika. Kwa hilo tumia mawese. Asubuhi za Juni na Julai mawese huganda kwenye chupa, kila nyumba inajua hivyo. Gawa chupa moja mara mbili, nusu iache kivulini, nusu itumbukize kwenye maji ya moto kwa dakika kumi. Inamisha bati au sahani ya bati kwa kuegemeza ncha moja kwenye matofali mawili, chora mstari wa kuanzia na wa kumalizia kwa umbali wa sentimita 30, kisha mimina kijiko kimoja cha kila aina. Mmoja apime kwa saa. Bati liwe kivulini, maana likipigwa na jua litayeyusha mawese ya baridi na tofauti itapotea. Kosa hili linaharibu matokeo kila mara na watoto hulaumu vipimo vyao bure.

Baada ya hapo Nyiragongo, volkano iliyo Kongo karibu na mji wa Goma, inaeleweka. Mlima huo, wenye urefu wa mita 3,470, una lava yenye silika kidogo mno na ya moto, nyepesi kuliko karibu lava nyingine yoyote. Januari 1977 kuta zake zilipasuka na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiozidi saa moja, kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa kwenye mteremko. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma na kufunika sehemu ya njia ya ndege kwenye uwanja wake. Mei 22, 2021 ikashuka tena, ikasimama karibu na uwanja huohuo.

Na hapa kuna jambo ambalo masomo ya Kigoma hulipita bila kuligusa. Wanafunzi hawa walifundishwa Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai, kama inavyostahili. Lakini kutoka Kigoma hadi Oldoinyo Lengai ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Nyiragongo iko kama kilomita 370, kaskazini kwao, kwenye bonde la ufa lilelile lililoshika ziwa wanaloogelea. Tena imewaathiri. Zamani maji ya eneo la Ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga, kundi ambalo Nyiragongo imo, zikaziba njia hiyo, Kivu likajaa na kutafuta njia ya kusini, nayo ndiyo Mto Ruzizi, unaomwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Mtoto anayechota maji ufukweni Kigoma anachota maji ambayo kwa sehemu yaligeuzwa njia na lava. Ramani ya ukutani na kidole vinatosha kulionyesha hilo kwa dakika tatu.

Bomba la kwenda katikati ya dunia

Kosa la pili lilitoka ubaoni. Mchoro wa mlima uliokatwa huwa na bomba linaloshuka mpaka ukingo wa chini wa ubao, na mtoto anamalizia mwenyewe sehemu iliyobaki mpaka kwenye kiini. Kulirekebisha kwa maneno hakusaidii. Toka nje kwenye veranda na chaki, pima kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 10. Kutoka ukutani, weka alama kwenye sentimita 4: hapo ganda la dunia chini ya bara linaishia, kwa wastani. Alama ya pili weka kwenye mita 2.9, mwisho wa mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda. Ya tatu kwenye mita 6.37, katikati ya dunia. Mwanafunzi mmoja asimame kwenye kila alama. Sasa paka chaki nyekundu kwenye sentimita 20 za mwanzo: karibu magma yote huzaliwa humo. Aliyesimama kwenye kiini yuko mbali kiasi cha kuitwa kwa sauti.

Mwambie pia kwamba mantili si bahari ya moto ulioyeyuka. Karibu yote ni mwamba mgumu, ulio moto sana, unaosogea polepole mno. Mahali ganda linapovutwa na kuwa jembamba, kama kwenye bonde la ufa, mwamba huo unapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu yake ndogo inayeyuka. Ni soda ileile kwa sura nyingine: kilichopungua ndicho kilicholeta mabadiliko.

Moshi, majivu na maneno yetu

Kosa la tatu ni la lugha, na linastahili huruma zaidi. Tunasema "moshi" wa volkano na "majivu" ya volkano, na maneno yote mawili yanatoka kwenye moto wa kuni. Mtoto anayeona milima ya Kongo ikifuka mwezi wa Agosti kwa sababu ya nyasi zinazochomwa, anaunganisha kwa akili nzuri kabisa. Basi mpe vitu viwili ashike: jivu la mkaa kwenye kiganja kimoja, vumbi la kokoto kutoka mahali wanapoponda mawe kwenye kiganja kingine. Asugue polepole, avitie maji. Jivu ni laini na jepesi. Vumbi la mawe linakwaruza na kuzama. Majivu ya volkano ni hilo la pili: mwamba na kioo kilichosagwa na mlipuko, na ndiyo maana yakilowa mvua yanaweza kuangusha paa.

Milima ya Mahale, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa, nayo isiachwe hewani. Kilele chake, Nkungwe, mita 2,462, ni mwamba wa kale ulioinuliwa na mipasuko ya ufa, si volkano. Atakayeuliza kama Kigoma italipuka apewe jibu la wazi: hakuna volkano hapa, ila matetemeko ya ardhi yapo, kwa kuwa ufa bado unafunguka. Tetemeko la Desemba 5, 2005 chini ya Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8.

Siki ipewe kazi yake

Baikaboneti na siki visitupwe. Kuna jambo la volkano ambalo vinalionyesha bila kudanganya. Kuzunguka Goma kuna mashimo na mabonde madogo ambamo kabonidayoksaidi kutoka ardhini hutuama, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haionekani, haina harufu. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto naye anaweza kufa humo huku mtu mzima aliyesimama wima pembeni yake akiwa bado anapumua. Wenyeji wanaiita mazuku, na neno hilo la Kiswahili cha Goma limechukuliwa lilivyo na wataalamu wa volkano duniani.

Chukua ndoo ya lita 10. Simamisha ndani yake mishumaa miwili kwa nta yake yenyewe: mmoja wa sentimita 4, mwingine wa sentimita 18. Weka katikati kopo la lita moja lenye gramu 14 za baikaboneti, kijiko kimoja cha chakula. Washa mishumaa. Mimina mililita 200 za siki ndani ya kopo, kidogo kidogo, povu lisivuke ukingo. Mshumaa mfupi unapungua, unayumba, unazima. Mrefu unaendelea kuwaka. Waache watazame kimya kwanza, kisha uliza ni upi kati ya ile miwili ulio na kimo cha mbuzi.

Upepo wa ziwa ndio adui wa jaribio hili. Funga madirisha ya upande wa ziwa au lifanye asubuhi kabla upepo haujaanza. Mshumaa mfupi usipozima, angalia kwanza kama ndoo ni pana mno. Gesi ni kama lita 4 tu, na katika beseni pana inatandaa bila kufikia mwali. Mishumaa yote miwili ikizima, umemimina siki kwa pupa na gesi imerushwa juu.

Jaribio la mwisho

Maswali matano yaleyale yasirudiwe, maana watayajibu kwa kukariri. Manne haya yanatosha. Kwa nini soda iliyofungwa haina mapovu? Mlima A una lava yenye silika kidogo, lava ya mlima B ina nyingi: upi utatiririka, upi utarusha, na kwa nini? Mchungaji ameona mbuzi watatu wamekufa shimoni karibu na Goma bila jeraha. Afanye nini, na asifanye nini? Taja jambo moja ambalo soda na volkano vinafanana, na mawili ambayo havifanani.

Katika kusahihisha, swali la nne lipewe alama nyingi kuliko mengine. Kwa swali la tatu, jibu lisilosema "asishuke kuwachukua" lisipewe alama hata kama mengine yote yamekaa sawa. Na kwa yule ambaye bado ataandika asidi, kalamu nyekundu haitamsaidia. Mwite pembeni na chupa ya soda, alegeze, atazame, afunge, atazame tena, kisha aeleze kwa maneno yake ni nini kilichopungua.